Barua ya wazi kwa wasimamizi wa maktaba na bustani: tufungulieni geti la katikati

KWA: Mkurugenzi wa Maktaba ya Umma, na Mkuu wa Idara ya Bustani na Viwanja vya Wazi

YAH: WATOTO WADOGO KUZUIWA NJIA KATI YA MAKTABA NA BUSTANI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni baba wa watoto wawili, binti wa miaka minne na mdogo wake wa kiume mwenye mwaka mmoja na nusu. Maktaba yenu naitumia kwa mwaka wa sita sasa, na bustani yenu naitumia tangu binti yangu alipoanza kusimama dede. Nawaandikia hadharani kwa sababu kwa siri nimeshaandika mara tatu.

Barua ya kwanza niliipeleka mwenyewe kaunta ya maktaba, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikaondoka na nakala yangu. Baada ya majuma matano nikajibiwa kwamba suala la geti ni la bustani. Ya pili nikaipeleka bustani, nako nikaambiwa ukuta ni wa maktaba. Ya tatu niliwaandikia nyote wawili katika karatasi moja, ili kila mmoja ajue mwenzake ameipata. Hiyo haijajibiwa mpaka leo. Nakala zote tatu ninazo, na muhuri unaonekana.

Sina ugomvi na wafanyakazi wenu. Mkutubi wa sehemu ya watoto anamjua binti yangu kwa jina na humwekea kitabu pembeni. Mlinzi wa bustani amewahi kutubebea kigari cha mtoto kukivusha mtaro. Tatizo liko juu yao, kwenye maamuzi, na maamuzi ni yenu.

Ninachotaka mkione ni kwamba kwa familia yenye watoto wadogo, maktaba na bustani ni safari moja. Mtoto wa miaka minne hutulia na kitabu kwa robo saa, siku njema dakika ishirini. Baada ya hapo mwili wake unadai haki yake: miguu inaanza kupiga kiti, mkono unavuta kitabu cha mwenzake, sauti inapanda. Ukimwachia nafasi akimbie, apande, achimbe mchanga, atarudi mwenyewe akikuvuta suruali anataka hadithi nyingine. Ukimbana pale pale kwenye kiti, kesho ukitaja maktaba atakunja uso. Hili mzazi yeyote analijua, na wataalamu nao wameliandika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka 5 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, zikigawanywa katika siku nzima, na asifungwe kwenye kigari au kiti kwa zaidi ya saa 1 mfululizo. Mwongozo huohuo, ukifika kwenye muda wa kukaa, unahimiza mlezi autumie kumsomea mtoto na kumsimulia hadithi. Kukimbia na kusomewa vimewekwa kwenye karatasi moja kwa sababu vyote ni vya mtoto mmoja, katika siku moja.

Nyinyi mmebahatika kuwa na vyote viwili, ubavu kwa ubavu. Katikati pana ukuta, na kwenye ukuta pana geti lenye kufuli.

Acheni niwaeleze Jumamosi moja tu. Binti yangu alikuwa amefungua kitabu cha picha kuhusu viwavi. Alifika kwenye ukurasa ambao kiwavi anatafuna jani akianzia ukingoni, akauweka mkono wake mdogo juu ya picha na kuniuliza, "Baba, huyu yupo kweli?" Nikamwambia yupo, na pengine yuko hapo nje kwenye mti ule tunaouona dirishani. Tukashuka ngazi. Tulipofika kwenye geti akashika nondo kwa mikono miwili, akaingiza uso katikati yake. Bembea aliiona. Mti aliuona. Mnyororo ule una kutu, na ulimwachia alama ya rangi ya kahawia shavuni. Tukalazimika kuzunguka. Mdogo wake akasinzia kwenye kigari kwa joto la njia. Tulipofika kwenye mti, yeye mwenyewe alikuwa amechoka, analia anataka kubebwa. Kiwavi hatukumtafuta. Kitabu kilibaki mezani ndani, kwa sababu hakiruhusiwi kutoka, na tuliporudi mlango wa maktaba ulikuwa umeshafungwa.

Swali la mtoto lilikuwa la kweli, jibu lake lilikuwa upande wa pili wa ukuta, na sisi watu wazima tukashindwa kumfikisha. Ndiyo maana ninaandika.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Geti lililofungwa.

Nimehesabu hatua zangu. Kutoka ngazi ya mwisho ya maktaba hadi geti ni hatua 38. Kuzunguka kwa barabara hadi lango kuu la bustani ni hatua 1,140. Sehemu kubwa ya njia hiyo haina pembeni pa kutembelea, kwa hiyo mwenye kigari anashuka barabarani na magari yanampita kiwikoni. Kwa mtu mzima mwenye mikono mitupu ni mwendo wa dakika kumi. Kwa baba mwenye mtoto mmoja mkononi, mwingine kwenye kigari na mfuko wa nepi begani, ni dakika ishirini na tano, na zote ni za wasiwasi.

Geti halikujengwa kwa makosa. Aliyelichora alijua watu watatoka huku waende kule. Bawaba zake ni nzima na njia ya mawe bado ipo pande zote mbili, ingawa majani yameanza kuifunika. Mzee mmoja aliyekuwa akiwaleta wajukuu wake aliniambia zamani lilikuwa wazi mchana kutwa. Hakuna tangazo lolote linaloeleza lilifungwa lini, na nani, wala kwa nini.

Mwaka 1935, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, maktaba ya umma ya New York ilitoa vitabu na viti ikaviweka chini ya miti ya Bryant Park, bustani iliyo nyuma ya jengo lake kuu. Watu waliokosa kazi walikaa wakasoma bila kudaiwa kadi wala anwani. Huduma ile ilikoma mwaka 1943, wakati wa vita, kisha ikarudishwa mwaka 2003 na watoto wakatengewa sehemu yao. Jiografia yao ni kama yenu: jengo la vitabu, na bustani mgongoni mwake. Sisi hatujafika hata kwenye kuomba vitabu vitoke. Kwanza tunaomba watu watoke.

2. Saa zisizopatana.

Jumamosi, sehemu ya watoto ya maktaba inafunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa saba mchana. Jumamosi hiyohiyo, uwanja wa michezo wa watoto bustanini unafungwa kwa ajili ya usafi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita. Ziwekeni saa hizo pamoja kwenye karatasi. Mzazi anabakiwa na saa moja tu ya kutumia vyote viwili, kati ya saa sita na saa saba, jua likiwa utosini na mtoto mdogo akiwa tayari macho mazito kwa usingizi wa mchana.

Siamini kuna mtu aliyekaa akapanga hivi kwa makusudi. Naamini kila idara ilipanga ratiba yake bila kuuliza jirani. Lakini anayeumia ni yuleyule.

3. Kigari na mfuko.

Kigari kinatakiwa kiachwe nje ya mlango wa maktaba, pasipo kivuli, na mfuko ukabidhiwe kaunta. Ndani ya mfuko ndimo yalimo maji, nepi na nguo za kubadilisha. Kila mtoto akihitaji kitu, namwacha mmoja ili nikapange foleni na mwingine. Naomba sheria hii isiwahusu wenye watoto walio chini ya miaka mitano. Basi.

4. Choo.

Hili naona aibu kidogo kulisema hadharani, lakini nalisema. Meza ya kubadilishia mtoto nepi iko moja tu kwenye majengo yenu yote mawili, nayo iko ndani ya choo cha wanawake cha maktaba. Bustanini hakuna. Nimewahi kumbadilisha mwanangu juu ya benchi la bustani, shati langu likiwa ndiyo shuka, huku dada yake akishika mfuko na kutazama pembeni ili watu wasituone. Alikuwa na miaka mitatu wakati huo na alielewa kabisa kwamba baba yake yuko mahali ambapo hakutarajiwa kuwepo.

Baba anayemleta mtoto maktaba ni mtu mnayemhitaji. Babu pia. Mkiweka meza moja sehemu ambayo yeyote anaweza kuingia, mtakuwa mmetuambia kwamba mlitutarajia.

5. Kelele.

Hapa naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa sababu ndipo penye uzito.

Mara mbili tumeombwa kutoka kwenye sehemu ya watoto kwa sababu binti yangu alikuwa akisoma kwa sauti. Nasema kusoma, ingawa herufi bado hajazijua zote. Alikuwa ameshika kitabu, anaangalia picha na kusimulia mwenyewe, akibadilisha sauti kwa kila mnyama, akisimama na kuruka kila sungura aliporuka. Hivyo ndivyo kusoma kunavyoanza. Mtoto wa umri ule anasoma kwa mdomo, kwa vidole na kwa magoti. Ukimnyamazisha, umemkatiza kazi ileile ambayo sehemu ya watoto ilijengewa.

Najua ghorofa ya juu wapo wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani, nao wana haki ya kimya chao. Siwalaumu. Lakini jawabu la mgongano huu mnalo nje ya dirisha. Mtoto mwenye hadithi inayohitaji sauti na miguu apewe mahali pa sauti na miguu, kitabu kikiwa mkononi. Kama geti lingekuwa wazi, mkutubi asingehitaji kututoa kwa kidole mdomoni. Angesema tu, "Nendeni mkasomee pale kwenye mti, mkimaliza mrudi," na binti yangu angekimbia kwa furaha.

Saa yenu ya hadithi, ambayo naishukuru kwa dhati, inafanyika kwenye chumba cha juu kisicho na dirisha la kutazama nje. Nimewahi kukaa humo na watoto kumi na wanne. Hadithi ilikuwa nzuri na msomaji alikuwa hodari, lakini ilipofika nusu, watoto watano walikuwa wamelala chini wakipiga sakafu kwa visigino, na wazazi wao wamejiinamia kwa haya. Hadithi hiyohiyo ingesimuliwa chini ya mti, hao watano wangelala kwenye nyasi na kusikiliza, na hakuna ambaye angeona ni utovu wa adabu.

Kuna njia nyingine isiyohitaji hata msimuliaji. Mwaka 2007, katika mji wa Montpelier, jimbo la Vermont nchini Marekani, Anne Ferguson akishirikiana na maktaba ya mji wake alianza kutandaza kitabu kimoja cha picha kwenye njia ya matembezi. Kila ukurasa unawekwa kwenye kibao chake, na vibao vinapangwa kwa umbali wa hatua kadhaa. Familia inasoma ukurasa wa kwanza, mtoto anakimbia hadi wa pili kuona kilichotokea, kisha wa tatu. Anayekimbia ndiye anayesoma. Wazo hilo limeshasambaa katika bustani nyingi za nchi nyingine. Sisi tunayo njia ya mawe inayounganisha maktaba na bustani, na kwa sasa imeota majani.

6. Vitabu vya picha visivyoazimwa, na adhabu kwa mtoto.

Vitabu vya picha, vile hasa vinavyomfaa mtoto asiyejua kusoma bado, mmevipiga muhuri wa "kusomea ndani tu". Vinavyoazimwa ni vile vya watoto wakubwa. Kwa hiyo mtoto mdogo, mwenye dakika ishirini tu za kutulia, ndiye pekee anayelazimishwa kusomea ndani.

Kile kimoja tulichowahi kuazima, mwanangu wa mwaka mmoja aliking'ata kona. Nilikirudisha mwenyewe nikasema ukweli, nikaomba kulipa. Nililipa. Pamoja na hayo, kadi ya binti yangu ilisimamishwa kwa miezi mitatu. Yeye, ambaye hakung'ata kitu, alikaa miezi mitatu akiniuliza kila Ijumaa usiku kama kadi yake "imepona". Mwaka 2019 maktaba ya umma ya Chicago ilifuta faini za kuchelewesha vitabu, na mwaka 2021 ya New York ikafuata, kwa sababu waliona adhabu inawafukuza hasa watu wanaozihitaji maktaba. Siombi mfute faini zote. Naomba tu mtoto wa miaka minne asifungiwe mlango kwa kosa la meno ya mdogo wake.

Sasa, majibu mtakayotupa nayajua, kwa kuwa mengine nimeshapewa mdomoni.

Mtasema geti lilifungwa kwa ajili ya usalama. Jibu hili nalipa heshima, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Mimi mwenyewe naogopa mtoto kuchomoka kutoka sehemu ya vitabu na kupotelea bustanini wakati mzazi ameinama kwenye rafu. Lakini hofu hiyo ina tiba ndogo: komeo linalojifunga lenyewe, likiwekwa juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Vitabu kuibwa kupitia geti nako kunatibika. Lifunguliwe saa za maktaba tu, na kaunta ya sehemu ya watoto ihamie dirishani, ambako geti linaonekana lote. Na tukizungumzia usalama, tuihesabu pia barabara. Kwa sasa, kwa jina la usalama, kila Jumamosi watoto wadogo wanapelekwa pembeni mwa magari.

Mtasema vitabu vitachafuka. Vitachafuka, ndiyo. Kitabu cha picha kisichochafuka ni kile ambacho hakuna mtoto aliyekishika. Lakini siombi mtoe vitabu vipya. Kila mwaka mnaondoa kwenye rafu vitabu vilivyochakaa, nimeviona vimefungwa kamba kwenye korido ya nyuma. Wekeni hivyo kwenye sanduku moja lenye kifuniko, litoke asubuhi na kurudi jioni. Vikipotea viwili kwa mwezi, vimepotelea mikononi mwa watoto. Bogotá, nchini Kolombia, maktaba ndogo za mfano wa kibanda zimekuwa zikisimama ndani ya bustani za umma tangu miaka ya 1990, na vitabu vyake vinashikwa na watoto wanaotoka kucheza.

Mtasema hakuna bajeti. Ufunguo wa kufuli lile upo. Mlinzi aliniambia uko kwenye droo ofisini, na una kibandiko chekundu. Kuhamisha saa za usafi wa uwanja kutoka asubuhi ya Jumamosi hadi jioni ya Ijumaa ni suala la kuandika upya karatasi moja ya ratiba.

Mtasema wanaolalamika ni wachache. Hili linaniuma kuliko yote. Wachache ni kwa sababu wengi wameacha kuja. Katika wazazi sita tuliokuwa tukikutana pale binti yangu akiwa na miaka miwili, nimebaki mimi na mama mmoja. Hawakuandika barua. Walipima safari ya hatua elfu moja, mlango unaofungwa saa saba na kidole mdomoni, wakaona ni afadhali mtoto abaki nyumbani na simu. Mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na wa chini ya mwaka 1 asikae nayo kabisa. Wazazi wale wanajua. Walikuwa na mahali pa kumpeleka mtoto, na pamewashinda.

Na pengine mmoja wenu atauliza, kwa nia njema, kwa nini msomaji asifundishwe tu kukaa ndani na vitabu vyake, bustani ikabaki kwa wachezaji. Nimjibu kwa macho ya mtoto. Katika shule za msingi za Guangzhou, China, watafiti waliwaongezea wanafunzi wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miaka 3, waliopata tatizo la kutoona vitu vya mbali walikuwa asilimia 30.4, na katika shule ambazo hazikuongeza muda huo walikuwa asilimia 39.5. Mtoto anayependa vitabu ndiye anayehitaji zaidi kutoka nje akatazame mbali. Nami ninaye mmoja wa namna hiyo.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, unataja haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza, na palepale unataja haki yake ya kushiriki katika utamaduni na sanaa. Ibara moja imebeba kazi za idara zenu zote mbili.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo. Geti lifunguliwe saa zote ambazo sehemu ya watoto iko wazi, likiwekewa komeo la juu linalojifunga. Saa za usafi wa uwanja wa watoto zihamishwe ili asubuhi ya Jumamosi familia ipate vyote viwili. Saa ya hadithi ifanyike chini ya mti angalau mara moja kwa mwezi hali ya hewa ikiruhusu, na siku hiyo sanduku la vitabu vilivyochakaa litoke nje. Meza ya kubadilishia nepi iwekwe mahali ambapo baba anaweza kuingia. Suala la kadi za watoto kusimamishwa lijadiliwe upya. Kama haya hayawezekani yote kwa pamoja, anzeni na geti. Hayo mengine nitayasubiri kwa subira, hilo siwezi tena.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku thelathini, likiwa na sahihi zenu nyote wawili kwenye karatasi moja. Sahihi moja haitanisaidia, kwa kuwa nimeshapata moja moja.

Jambo la mwisho ni mwaliko. Jumamosi ijayo saa nne asubuhi nitakuwa kwenye ngazi za maktaba na watoto wangu. Njooni tutembee pamoja kutoka hapo hadi kwenye ule mti, kwa barabara, mmoja wenu akisukuma kigari na mwingine akimshika binti yangu mkono. Ana maswali mengi kuhusu viwavi. Au mje na ufunguo wenye kibandiko chekundu, tupite getini.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika kulea,

Baba wa watoto wawili, mwanachama wa maktaba

Nakala: Wazazi na walezi wote wanaotumia maktaba na bustani, na wale walioacha kuja